Eti "Umeenda Kufanya Nini Mbulu?"

Wale mlionitumia meseji mkiuliza kulikoni kimya, jibu ni kwamba nilikuwa Mbulu. Nusu ya muda simu haikuwa na chaji, na nusu nyingine sikutaka hata kuishika.

Nimeingia chuo Jumatatu ya Pasaka usiku. Jumanne asubuhi natoka kutafuta chai, viatu bado vina tope la huko (nimevisugua mpaka basi), nakutana na kundi letu pale kwenye vimbweta. Salamu haijaisha, swali la kwanza: "Eti umeenda kufanya nini Mbulu?" La pili: "Na mvua hii?" Halafu vicheko. Mmoja akasema kabisa, mbele za watu, kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kumwona anaenda kijijini kusiko kwao kwa hiari yake.

Nilicheka nao, maana nilikuwa na njaa na sikutaka maneno. Lakini lile swali limenikaa kooni siku tatu sasa, na mnanijua, kitu kikinikaa kooni lazima nije nikitoe hapa. Kwa hiyo leo sina hadithi tamu, nina ugomvi. Nagombana na nyie darasa langu, na mkisoma mpaka chini mtaona nagombana na mimi mwenyewe pia.

Kwanza niwape safari ilivyokuwa. Alhamisi nilikwepa pindi moja (mwalimu ukisoma hapa nisamehe, desa nimeshalipata). Rumeti wangu ni Mwiraqw wa Mbulu, na tangu mwaka wa kwanza ananiambia "twende kwetu". Nikasema haya, twende. Wengine mlikuwa mnapanga Zanzibar mpaka mlipohesabu bumu lililobaki mkaishia hapa hapa Dodoma mnaangalia tamthilia. Sisi tukapanda basi alfajiri.

Barabara ya Dodoma kwenda Babati siku hizi raha, lami tangu ilipozinduliwa 2018. Wazee wanaoijua Kondoa ya zamani watawaambia ilivyokuwa. Babati tukashuka, tukaingia kwenye Noah iliyokuwa na watu wengi kuliko siti, tukakamata njia ya Dareda, kisha tukaanza kupanda kwenda Bashnet na Dongobesh. Pale ndipo mvua ilipotupokea. Hapa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida Desemba mpaka Aprili, na hata ndani ya msimu huo inakuja kama mtu anayedaiwa: inapiga hodi, inatimua mbio. Ile ya kule haikuwa na haraka. Ilishuka taratibu, ikatulia juu yetu kama mgeni aliyekuja na begi.

Kwenye kipande kimoja gari likanasa. Konda akasema "wanaume shukeni", halafu akaangalia akaona wanaume wenyewe wanne, akasema "jamani tushuke wote". Tukashuka. Ukungu hadi kwenye magoti, baridi, mimi nimevaa sendo za Dodoma. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na ng'ombe wake watatu akasimama, akamwambia dereva pa kupitisha tairi, akakata matawi akayatandika chini, tukasukuma, likatoka. Dereva akamshukuru, mzee akasema neno moja kwa Kiiraqw, watu wakacheka, gari likaondoka. Nikamuuliza rumeti kasemaje. Akaniambia kamwambia dereva asilaumu mvua, alaumu tairi.

Hilo nililibeba mpaka Mbulu.

Tulifika giza linaingia. Mama yake rumeti akatupokea mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, mbona umekuja huna koti?" Nikapewa koti la baba, blanketi, na kikombe cha chai ya maziwa ambacho kingeweza kulewesha. Usiku ule nikalala nasikiliza mabati. Nyie mnaojua mabati mnaelewa nasema nini. Huwezi kuongea, huwezi kusikia redio, unalala tu kama mtoto.

Ijumaa Kuu na Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo. Inanyesha, inapumzika kidogo, watu wanatoka, inanyesha tena. Maduka mengi yamefungwa. Mji wa Mbulu uko juu, kule juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na ukungu ukishuka humwoni aliye upande wa pili wa barabara, unasikia tu sauti yake anasalimia. Tulifanya nini? Tulikaa jikoni na mama tunachambua maharage, vitunguu swaumu vimening'inizwa juu ya vichwa vyetu. Tulitembea kwa mwavuli mmoja mpaka sokoni na kurudi. Nilijifunza kwamba mvua kwa Kiiraqw ni "tluway", na huyo "tl" nimemjaribu siku mbili, mama akawa ananisikiliza kwa huruma tu. Nilimaliza kitabu kimoja ambacho kilikuwa chini ya mto wangu tangu Januari. Jumapili ya Pasaka niliona watu wanakuja kanisani viatu mkononi, wanapiga miguu kwenye tope, wanafika bombani wanaosha miguu, wanavaa viatu, wanaingia ndani safi kama waliokuja na gari.

Basi. Hiyo ndiyo likizo yangu. Hakuna bichi, hakuna muziki, hakuna picha ya kurusha. Na nimepumzika kuliko likizo zote nilizowahi kupata tangu nianze chuo.

Sasa tusikilizane.

Kuna mji Italia unaitwa Ferrara. Uko kaskazini, kwenye bonde la mto Po, una ngome ya zamani iliyozungukwa na maji, una ukuta wa kale wa kilomita kama 9, na watu wake wanajulikana kwa kupanda baiskeli. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995. Mji wenyewe ni mtulivu. Wakati wa baridi unapata ukungu, unapata mvua. Na watu wanapanda ndege kutoka Uingereza na Ujerumani, wanalipa hoteli, wanakwenda kukaa siku tatu kwenye mji kama huo. Mvua ikinyesha wanaingia kanisani, wanakaa mgahawani wanaangalia maji yanavyotiririka kwenye mawe, wanarudi kwao wanasimulia: tulipumzika sana, kulikuwa kimya, kulikuwa na ukungu, kulipendeza. Hakuna anayewauliza "mmeenda kufanya nini?" Na sisi tukiona hizo picha kwenye simu zetu tunaandika chini yake "wow".

Nataka mtu mmoja, mmoja tu, anieleze tofauti. Mvua ni mvua. Ukungu ni ukungu. Kukaa kimya ni kukaa kimya. Kwa nini kule kunaitwa utulivu na huku kunaitwa kuboa? Kwa nini mzungu akikimbilia kanisani mvua isimnyeshee ni mahaba na safari, ila mama wa Mbulu akiosha miguu bombani ni ushamba?

Msiniambie majengo. Majengo nakubali, Ferrara ina ngome na Mbulu haina. Lakini nyie hamkusema "Mbulu haina ngome". Mlisema "Mbulu, na mvua hii". Mlichocheka ni mvua na ukimya.

Na kama ni vitu vya kuona, hebu niwaulize nyie mnaosoma Kiswahili pamoja na mimi, nyie mnaojiita wanaisimu kwenye semina. Mnajua kwamba maeneo ya Mbulu, kule kuelekea Haydom na bonde la Yaeda, unaweza kukutana na lugha za makundi manne tofauti kabisa? Kiiraqw ni Kikushi. Kidatooga, wanachozungumza Wabarbaig, ni Kinailoti. Kiisanzu na Kinyiramba ni Kibantu kama Kiswahili chenu. Na Kihadza kimesimama peke yake, wataalamu wameshindwa kukipa ndugu. Makundi manne, na mtu wa pale kwenye mnada anaweza kusikia yote kabla ya saa sita. Mholanzi anaitwa Maarten Mous alikuja, akajifunza Kiiraqw, akaandika sarufi nzima iliyotoka 1993. Yeye alipanda ndege. Sisi nauli ya basi inatushinda, na tukifika tunalalamika mtandao unasumbua.

Nyie wa Jiografia ndio msiniangalie kabisa, maana na mimi ni mmoja wenu. Tumechora mchoro wa mvua ya milima tangu kidato cha kwanza: upepo unapanda, unapoa, mawingu, mvua, upande wa pili mkavu. Mchoro wenyewe tuliochorewa ulikuwa na mlima usio na jina. Mimi nimeupanda ule ukingo Alhamisi nikiwa nimekanyaga tope lake. Chini joto la Bonde la Ufa, juu ukungu. Dakika chache tu za Noah inayonguruma, na somo limeisha.

Sasa nifike kwenye kiini, maana haya yote ni utangulizi tu.

Hiki kicheko chenu kingekuwa kicheko cha watalii ningekiacha kipite, mtalii akichagua bichi ni hela yake. Lakini sisi si watalii. Sisi ni walimu watarajiwa. Wiki hii kila mtu ana fomu ya TP mkononi, tunajaza mikoa tunayotaka kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Na nimeona nyuso zenu mnapojaza. Nimesikia mnavyopeana mbinu. Andika una mgonjwa Dar. Andika wewe ni mnyonge wa baridi. Mtafute fulani. Majina yanayotajwa kama majina ya jela nayajua kwa kichwa, na Mbulu imo, na Hanang imo. "Ukizubaa utatupwa Mbulu." Kutupwa! Hilo ndilo neno letu. Taka hutupwa. Na mahali taka zinapotupwa panaitwa nini? Kuna watoto wanasoma pale.

Sisi tunaokimbia ndio tunaosoma historia ya nchi hii. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Olimpiki ya Mexico 1968 alianguka kwenye marathoni, akaumia goti, wenzake wakamaliza, jua likazama, yeye akaja na bandeji mguuni akavuka mstari. Walianza 75, wakamaliza 57, yeye akiwa wa 57. Dunia nzima inamkumbuka kwa sababu alimaliza. Halafu mwalimu mtarajiwa wa Tanzania anaomba uhamisho kutoka wilaya hiyo kabla hajaripoti.

Sasa niwapeleke Katesh, halafu nitawaacha.

Jumapili mchana baada ya ibada tulishuka kwenda Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, kumsalimia shangazi yake rumeti. Katesh iko kwenye lami, barabara kuu ya Babati kwenda Singida, na nyuma yake ndio umesimama Mlima Hanang, mita zaidi ya 3,400, unahesabiwa wa nne kwa urefu nchini. Tulifika mlima umefunikwa wote. Mvua ilikuwa imetutangulia.

Mimi kwa akili zangu nikasema, "Shangazi, mvua ya huku tamu, unalala vizuri." Nilikuwa bado nina usingizi wa Mbulu. Shangazi akatabasamu tu, akaniambia, "Ya Mbulu tamu, mwanangu. Ya huku tunaisikiliza kwanza."

Nikaona aibu papo hapo. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ule iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Tope, mawe na miti vikashuka asubuhi, vikaingia Katesh mjini, vikapiga Gendabi na vijiji vingine. Walikufa watu zaidi ya 80. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, akakatisha safari akarudi. Mwanzoni watu walisema ni volkano imeamka, kwa sababu Hanang ni mlima wa volkano. Wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba si volkano, ni miamba dhaifu iliyonyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia.

Usiku ule mvua iliongezeka kama saa nane. Nikaamka kwa ajili ya kelele za mabati. Shangazi alikuwa ameshaamka, amekaa sebuleni na kanga, taa imewaka, mlango wa mbele ameufungua kidogo anasikiliza upande wa mlimani. Hakuwa na hofu ya kupiga kelele. Alikuwa anasikiliza tu, kama mtu anayesubiri mtoto arudi. Mwanaye wa darasa la sita naye akaja akakaa pembeni yake, hakuulizwa kitu. Tukakaa wanne pale mpaka ikapungua. Hakuna kilichotokea. Asubuhi mlima ukafunuka, kijani mpaka juu, mzuri mpaka unaudhi.

Wakati wa chai yule mtoto akaniuliza, "Dada, rumeti wako amesema na wewe unasomea ualimu?"

"Ndiyo."

"Unafundisha nini?"

"Jiografia na Kiswahili."

Akafikiri kidogo. Akasema mwalimu wao mmoja huwa anawaambia darasani kwamba yuko pale kwa muda tu, akipata uhamisho anaondoka siku hiyo hiyo, hata chaki haiweki chini. Anasema kama utani, wanacheka. Shule siitaji, na mwalimu simjui. Halafu mtoto akaniuliza swali lake, na hakuwa anatania: "Wewe ukipangiwa huku utakaa, au na wewe utakuwa unasubiri?"

Wadau, nilikunywa chai.

Nilikunywa chai kwa sababu kwenye begi langu, kwenye bahasha ya kaki, kulikuwa na fomu yangu ya TP. Nimejaza Dar es Salaam, Morogoro, Mwanza. Na pale kwenye sababu maalumu nimeandika kwamba nina pumu na siwezi kukaa mahali penye baridi. Sina pumu. Sijawahi kuwa na pumu. Nimelala siku tatu kwenye ukungu wa Mbulu na kifua hakijakohoa hata mara moja. Niliambiwa na mwenzangu mmoja wa vimbweta kwamba hiyo sababu inapita, nikaiandika, na sikusikia vibaya hata kidogo. Ndiyo maana nilisema nagombana na mimi pia.

Sasa najua mtakachosema, maana tumeshabishana usiku wa manane mara ngapi. Nijibu mapema.

Mtasema: wewe umekaa siku nne, umepikiwa na mama wa mtu, umepewa koti. Jaribu kukaa miaka mitatu kwenye nyumba ya mwalimu inayovuja, unatembea saa nzima kufuata mshahara. Nakubali. Tena nakubali kwa sauti. Siku nne si maisha, na mimi sijafundisha hata siku moja. Nyumba ya mwalimu inayovuja ni aibu ya nchi, na barabara inayonasa gari la mgonjwa ni aibu ya nchi. Tuidai, tuandike, tupige kelele. Hapa tuko Dodoma, Bunge lipo hapa hapa, tunapishana na magari ya waheshimiwa kila kikao. Lakini angalieni tofauti. Anayesema "nyumba inavuja, itengenezwe" anataka kukaa. Anayesema "kule mvua, kule kimya, kule porini" hata ukimjengea ghorofa ataondoka, kwa sababu hana shida na bati. Ana shida na mahali penyewe na watu wake. La kwanza ni dai. La pili ni dharau, na tumekuwa tunaipitisha ya pili ndani ya gunia la ya kwanza. Yule mzee wa ng'ombe alilijua hili kuliko sisi: usilaumu mvua, laumu tairi.

Mtasema: kila mtu ana haki ya kutaka maisha mazuri. Sawa. Haydom, wilaya hiyo hiyo ya Mbulu, Wanorwe wa misheni ya Kilutheri walifungua hospitali mwaka 1955. Mwaka 1955! Hakuna lami, hakuna simu. Leo ni hospitali kubwa inayofuatwa na wagonjwa mpaka kutoka mikoa ya jirani. Sisemi sote tuwe wamisionari, na sisemi mgeni ndiye anayejua kujitolea. Nasema kuna watu walifika pale wakaona mahali pa kufanyia kazi, na sisi wenye nchi tunaona mahali pa kutupwa. Na wenye hali hiyo ni sisi ambao wenzetu wengi waliohitimu wako mitaani miaka sasa wanasubiri ajira, wangepewa barua ya Hanang leo wangelia kwa furaha.

Mtasema: mlima umeua watu, na wewe unatushawishi twende chini yake. Hapana. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Watoto wa Katesh wanaishi chini yake tayari. Wanaihitaji Jiografia kuliko mtoto yeyote wa Masaki. Wanahitaji mtu wa kuwaeleza kwa nini mlima ulimeguka, korongo linafuata njia ipi, maji yakibadilika rangi maana yake nini, kwa nini watu walijengewa makazi mapya sehemu nyingine. Anayepaswa kuwafundisha hayo ni mtu ambaye naye anaamka saa nane usiku kusikiliza. Mnadhani mwalimu anayesubiri uhamisho atayasema? Atachora ule mchoro wa mlima usio na jina, atafuta ubao, ataangalia simu kama barua imetoka. Na mtoto atajifunza somo moja ambalo halimo kwenye muhtasari: kwamba mtu mwenye akili akifika kwetu huondoka. Akikua na yeye ataondoka. Halafu tutakaa hapa kwenye vimbweta tunasema kule hakuna watu.

Kwa hiyo mkiniuliza tena nimeenda kufanya nini Mbulu, jibu ni hili: nilienda kupumzika, na nimepumzika. Nilienda kunyeshewa. Nilienda kukaa kimya mahali ambapo kukaa kimya si ugonjwa. Mwakani ninyi mkihesabu bumu mkakuta Zanzibar haifiki, njooni tuongozane, nauli tutachangishana. Chukueni koti. Sendo acheni.

Na ile fomu, mwisho wa kurudisha ni Ijumaa. Jana jioni nilienda kuomba nyingine ofisini, dada wa pale akaniuliza ya kwanza imefanyaje, nikamwambia imelowa. Ni kweli ililowa kidogo kwenye pembe. Nimejaza upya. Wilaya ya kwanza Hanang, ya pili Mbulu, ya tatu nimeacha wazi kwa sababu sikumbuki wilaya nyingine yenye baridi. Kwenye sababu maalumu nimeandika "hakuna".

Rumeti ameisoma, amecheka, halafu ameniambia nianze kufanya mazoezi ya huyo "tl" mapema.

Naomba kutoa hoja.